Samaki wa Kuangalia: Ziwa Dogo Nyumbani Mwetu



Usicheke kwanza. Kwetu Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, samaki ni kitu cha sahani. Tunamjua yule wa mto Luama, tunamjua yule aliyekaushwa kwa moshi, tunazijua na ndagala zinazofika sokoni katika mifuko kutoka ziwani. Lakini samaki wa kuwekwa nyumbani katika sanduku la vioo, apewe chakula asubuhi, aangaliwe mangaribi, na asiliwe kamwe? Huyo hatumjui. Mama watoto aliponiona napima vioo aliniuliza mara moja: "Baba watoto, samaki ya kuangalia bila kula, hiyo ni samaki ya namna gani?"

Swali hilo ni la haki. Nyumba yenye watoto watano na pesa ya masomo ya kulipa kila mwezi haiwezi kuchezea pesa. Ndiyo maana ninataka kukueleza kazi yote tangu mwanzo, na faida tuliyoipata, kisha uamue mwenyewe. Lakini neno kubwa nalisema sasa hivi: anayetaka kufuga samaki lazima afuge maji kwanza. Maji yakiwa mazima, samaki anajitunza. Maji yakiharibika, hata ukimwita daktari, samaki anakufa tu. Na sisi tunaoikala karibu na machimbo, neno hilo linatuhusu kuliko watu wengine.

KWA NINI HATUKUFANYA BAHARI

Mambo yalianzia katika kitabu cha picha. Watoto waliona picha ya mwamba wa matumbawe baharini, na samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Wakasema: "Papa, tufanye hii hapa nyumbani." Kuna watu wanaoifanya kweli, huko Ulaya, Marekani na Japani. Wanatengeneza bahari ndogo ndani ya sanduku la vioo, lile linaloitwa akwariamu.

Nikauliza, nikasoma, nikaona taabu yake. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Na si chumvi ya jikoni peke yake; ndani yake mna chokaa, magnesi na vitu vingine vingi, kila kimoja kwa kipimo chake. Matumbawe, ingawa yanaonekana kama mawe au maua, ni wanyama. Ndani ya miili yao mnaikala mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, nayo inatengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Kwa hiyo lazima taa kali ziwake saa nyingi kila siku. Lazima pampu isukume maji bila kupumzika kama mawimbi. Lazima joto likae karibu na digrii 25 au 26. Tena maji yakipaa, chumvi inabaki, na bahari yako inazidi kuwa kali. Basi kila siku unaongeza maji yasiyo na chumvi. Kosa la siku moja linaweza kuua kazi ya mwaka mzima.

Wenzetu wa Mombasa na Unguja hawahitaji taabu hiyo yote. Maji yakitoka wanatembea hadi kwenye mwamba, wanaona yote bure. Tena pwani ya Kenya kuna wavuvi ambao kazi yao ni kukamata samaki hai wa mwamba ili wauzwe nchi za nje kwa wafugaji wa namna hiyo. Lakini Lusangi ni mbali na Bahari ya Hindi zaidi ya kilometa 1,000, na umeme wetu ni ule wa pano ya jua juu ya bati. Nikawaambia watoto: "Bahari, hapana. Lakini tuna ziwa."

ZIWA LINALOFANANA NA BAHARI

Ziwa Tanganyika ni jirani yetu wa mashariki. Wengi wetu tulikimbilia Kalemie wakati wa vita. Wengine walivuka mpaka Kigoma. Tuliliona kama njia ya kuponea, na kama pahali pa kupata ndagala na mukeke. Hatukuwa na nafasi ya kulichungulia ndani.

Hebu tulichungulie sasa. Urefu wake ni kama kilometa 670. Kwenda chini ni meta 1,470. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Lakini hewa ya kupumua iko katika maji ya juu tu, meta 100 au 200 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kuishi. Tena ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa moja inayoitwa siklidi. Tilapia ni wa jamaa hiyo, na kuhe vilevile. Karibu aina zote hizo za ziwani hazipatikani pahali pengine duniani.

Mwisho wa karne ya 19, Mwingereza mmoja, John Moore, alikuja kulichunguza. Aliona konokono wa ziwa hili wanafanana na konokono wa baharini. Alijua pia kwamba mna mnyama mdogo laini kama mwavuli wa maji, wa namna ya wale wa baharini. Akaandika kwamba zamani ziwa hili lilikuwa sehemu ya bahari. Wachunguzi waliomfuata walionyesha kwamba si hivyo. Lilizaliwa hapa hapa katikati ya bara, na wanyama wake wakabadilika humo kwa miaka mamilioni. Lakini unaweza kumwelewa Moore. Ukiingia katika maji yale meupe kama kioo, penye mawe na samaki wa rangi zote, hata wewe utasema ni bahari.

Maji yenyewe si kama ya mito yetu. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba, na Lualaba inapita magharibi ya Kasongo kwenda Kindu. Kwa hiyo maji kidogo ya Tanganyika yanatupitia hata sisi. Lakini sehemu kubwa zaidi ya maji inapaa juu kwa jua. Maji yanakwenda, madini yanabaki. Madini hayo mengi yanaletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu. Ndiyo sababu maji ya Tanganyika ni magumu: sabuni haitoi povu kwa urahisi.

Na jambo la kutufundisha ni hili. Watu wa mbali wanalijua ziwa letu kuliko sisi. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kutuma samaki hai kutoka Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake juu ya samaki hao kilitoka mwaka 1978. Kuna samaki mmoja aliyepewa jina lake. Leo, mfugaji wa Ujerumani akisema "Moba" hafikirii mji wetu wa Moba. Anafikiri samaki mmoja wa buluu mwenye nundu kichwani. Anasema "Kapampa", anasema "Bemba", ni majina ya vijiji vya ufuko wa Kongo, naye hajavikanyaga. Mtoto wa Kabambare je? Anajua majina ya timu za mpira za Ulaya, lakini samaki wa ziwa lililo mbele ya mlango wake hamjui.

KUTENGENEZA SANDUKU

Sasa kazi. Sanduku letu lina urefu wa sentimeta 60, upana 30, kimo 35. Vioo ni vya milimeta 6. Tuliviunganisha kwa silikoni, ile safi yenye harufu ya siki, isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua na samaki. Tukaiacha ikauke siku 3. Kisha tukalijaza maji nje, chini ya mwembe, siku 3 nyingine, tuone kama linavuja. Usifanye jaribio hilo ndani ya nyumba.

Maji tunayajaza hadi sentimeta 30, maana yake lita 54. Hesabu vizuri: maji peke yake ni kilo 54. Ongeza mchanga, mawe na vioo, unafika karibu kilo 90. Meza ya kawaida haiwezi. Fundi alitutengenezea meza fupi ya mbao nzito, tukaipima kwa chupa ya maji mpaka ikawa sawasawa, na juu yake tukatandika kipande chembamba cha matela ili kioo kisipasuke.

Mchanga tuliutoa pahali ambapo hakuna anayeoshea dhahabu. Tuliuosha mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe. Uwe na kimo cha sentimeta 5, kwa sababu samaki wetu wanachimba. Kwa mawe, chukua jiwe, litie matone ya ndimu. Likitoa povu, lina chokaa, ni zuri kwa maji ya namna ya Tanganyika.

Chombo cha kusafisha maji tulikitengeneza wenyewe kwa chupa ya plastiki, kipande cha sponji na mpira mwembamba. Pampu ndogo ya hewa inasukuma mapovu ndani ya chupa. Mapovu yakipanda yanavuta maji kupitia sponji. Pampu hiyo inakula umeme kidogo sana, wati 4 tu. Pano moja ndogo na batri vinaitosha. Gharama ya vyote pamoja ilikuwa kama bei ya mbuzi 3. Siwezi kukudanganya kwamba ni kidogo. Tuliikusanya kwa miezi 8, na pesa ya masomo haikuguswa.

KUFUGA MAJI

Hapa ndipo penye siri, ndugu msomaji. Watu wengi wanajaza maji leo, wanatia samaki kesho, na baada ya juma moja wanazika. Wanasema: "Lakini maji ilikuwa safi!" Ilikuwa safi kwa macho tu.

Samaki anakojoa na kunya katika maji yale yale anayoyapumua. Uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki, unatoa sumu inayoitwa amonia. Haina rangi. Katika ziwa kubwa inapotea. Katika lita 54 inajaa upesi. Lakini kuna vijidudu, tena vijidudu vizuri, vinavyoigeuza. Vya kwanza vinaigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Vya pili vinaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Vijidudu hivyo vinakaa ndani ya sponji, juu ya mawe na katika mchanga. Havinunuliwi sokoni, vinakuja vyenyewe na kuzaana polepole, majuma 4 hadi 6.

Kwa hiyo kwa majuma 6 sanduku letu lilikuwa na maji, mawe, mapovu, na hakuna samaki hata mmoja. Kila siku mtoto wa pili alitia unga kidogo wa ndagala uoze, ili vijidudu vipate kazi. Majirani walipita kuangalia. Wakaulizana: "Mwalimu anafuga maji?" Nikawajibu: "Ndiyo, ninafuga maji." Tulikuwa na vikaratasi vya kupimia kutoka Bujumbura, vilipoonyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha, ndipo tukasema nyumba iko tayari.

Jambo la pili ni ugumu wa maji. Kuna kipimo kinachoitwa pH. 7 ni katikati. Chini ya 7 maji yana ukali wa ndimu kidogo. Juu ya 7 yana hali ya majivu. Tanganyika ni kati ya 8.6 na 9 hivi. Maji ya kijito chetu ni laini, yako chini zaidi. Dawa yake inajulikana kwa wafugaji: kwa kila lita 20, kijiko kikubwa 1 cha chumvi ya Epsom, ile ya famasi, kijiko kidogo 1 cha bikarbonati, na kijiko kidogo 1 cha chumvi ya bahari. Usichanganye bikarbonati na unga wa kuumulia keki. Huo una vitu vingine. Mchanganyiko huo unafikisha maji karibu 8.3, na mawe ya chokaa yanasaidia yasishuke. Yanatosha.

Lakini kumbuka: kadiri pH inavyopanda, amonia inazidi ukali. Katika pH ya 7, sehemu yake iliyo sumu kali haifiki 1 kwa 100. Katika pH ya 9 ni kama theluthi moja. Uchafu ule ule, kipimo kile kile, lakini hatari imezidi mara nyingi. Kwa hiyo kila Jumamosi tunatoa lita 8 za maji ya zamani na kutia mapya yaliyotayarishwa tangu jana yake. Maji ya zamani yanakwenda kwenye mboga, nazo zinayapenda sana. Sponji tunaiosha katika maji yale yale yaliyotolewa, si kwa sabuni, tusiue vijidudu.

WAGENI KUTOKA KALEMIE

Tulichagua samaki wadogo wanaoikala ndani ya maganda ya konokono. Jina lao la kitaalamu ni Lamprologus ocellatus. Dume hapiti sentimeta 6, jike ni mdogo zaidi. Chini ya ziwa kuna maganda mengi ya konokono wakubwa waliokufa, yamelala juu ya mchanga kama kijiji. Kila samaki anachukua ganda lake, analichimbia ndani ya mchanga kwa mdomo na mkia mpaka unabaki mlango tu. Hatari ikija, anaingia ndani.

Mvuvi mmoja wa Kalemie alitupatia samaki 6 na maganda 15. Alishangaa. Akasema: "Mwalimu, hao ni wadogo sana, hata mafuta ya kuwakaangia ni hasara." Hatukuwapa chakula siku 2 kabla ya safari, ili wasichafue maji. Tukawaweka katika bidoni ya lita 20 yenye maji ya ziwa lita 7 tu, nafasi nyingine yote ni hewa, na nje tukaizungushia kitambaa chenye maji. Kwa pikipiki ilikuwa siku 2. Kila tuliposimama tulifungua kifuniko, hewa ibadilike. Mmoja alikufa njiani, watano wakafika. Hatukuwamwaga mara moja. Kwa muda wa saa 1 na nusu tuliwaongezea maji yetu kikombe kwa kikombe, wazoee.

Siku ya kwanza walijificha. Siku ya tatu kila mmoja alikuwa na ganda lake. Siku ya nne dume alitaka kumfukuza mtoto wangu wa mwisho kwa kumpiga kidole kupitia kioo! Samaki wa sentimeta 5 anamgombeza mtu kwa sababu ya nyumba yake. Baada ya miezi 3 jike mmoja akataga ndani ya ganda. Siku chache baadaye tukaona watoto wadogo kama vipande vya uzi wakichungulia mlangoni, na mama yao amesimama juu yao kama askari. Chakula chao ni viluilui vya mbu na unga wa ndagala, mara 2 kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa dakika 2. Ukizidisha, unalisha amonia.

USIKU WA MAWINGU

Mwaka jana, mwezi wa 11, mvua ilinyesha siku 3 mfululizo. Jua halikuonekana. Usiku wa tatu batri ilikufa, mapovu yakasimama. Baada ya saa mbili mtoto wa pili akaja kuniita: "Papa, maji iko safi, lakini samaki wanapumua mbio."

Hakuna umeme, hakuna pampu. Kuna nini? Kuna mikono. Chukua kikombe, chota maji, yamwage tena kutoka juu. Yakianguka yanabeba hewa. Tukagawana saa. Mimi mpaka saa tano ya usiku, mtoto wa kwanza mpaka saa saba, na saa nane nilipoamka nilimkuta mama watoto amekaa kwenye kiti, taa ya simu imewekwa dirishani, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Hakuniambia kitu. Nami sikumwambia kitu. Asubuhi samaki wote walikuwa wazima, na jua likatoka.

Tangu siku hiyo watoto wangu hawaulizi juu ya nini maji yanapaswa kutunzwa. Waliyapumulisha kwa mikono yao.

MAJI YA WOTE

Sasa tutoke katika sanduku, twende kwenye kijito.

Mtoto wa dada yangu aliacha masomo akaenda kuchimba dhahabu. Simlaumu, njaa ina nguvu, na katika sehemu za Namoya na Salamabila vijana wengi wameishi kwa jembe na karai. Alikuja kwetu kupumzika na akakaa jioni nyingi mbele ya sanduku. Siku moja akaniuliza kwa nini tunatupa maji ambayo bado ni meupe. Nikamweleza amonia. Akanyamaza. Kisha akasema: "Kumbe maji nyeupe inaweza kuua. Na sisi tunaogopa ile nyekundu tu."

Yote mawili yanaua, msomaji. Maji mekundu ya udongo yanaziba matamvua ya samaki, yanafunika mayai yao, yanazuia mwanga. Hayo tunayaona. Lakini wachimbaji wengi wanatumia zebaki, ile tunayoita merkiri, kukusanya dhahabu. Wanaichoma, dhahabu inabaki, moshi unakwenda. Moshi huo hauonekani vizuri, nao unaingia mapafuni mwa mchomaji na mwa mama na watoto waliokaa karibu. Zebaki inayoanguka mtoni inageuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, inaingia katika wadudu, kutoka kwa wadudu kwa samaki mdogo, kutoka kwa mdogo kwa mkubwa, na kila hatua inazidi. Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Paka waliokula samaki walianza kucheza kama wenye wazimu. Mwaka 1956 ikajulikana kwamba watu nao wanaugua. Watoto walizaliwa na vilema ingawa mama zao walionekana wazima. Jina la mji huo ndilo lililopewa mapatano ya mataifa juu ya zebaki, ya mwaka 2013.

Mtoto wa dada yangu hakuacha kuchimba. Lakini yeye na wenzake 7 walichimba shimo kubwa pembeni ya kijito. Maji ya kuoshea mchanga yanaingia kwanza humo, udongo unashuka chini, ndipo maji yanarudi. Ilichukua siku 4 bila kupata dhahabu hata kidogo, na baadhi yao walinung'unika. Haikumaliza taabu yote. Lakini mama wanaochota chini yao wanasema asubuhi maji yanakuja afadhali. Na mambo ya kuchoma merkiri nyumbani, ndani ya sufuria ya chakula, yeye ameyakataa kabisa.

Wewe unaweza kufanya nini? Ukichimba, usioshee ndani ya kijito. Chimba shimo la kutuliza maji. Usichome zebaki ndani ya nyumba, wala karibu na mama mwenye mimba, wala karibu na mtoto. Kuna vyombo vya chuma vilivyofungwa vinavyokamata moshi na kurudisha zebaki itumike tena; uliza wenzako, shirikianeni kukinunua kimoja. Na kama unataka kujaribu sanduku la vioo, anza na samaki wadogo wa kijito chako. Hao hawahitaji chumvi wala bikarbonati. Wanahitaji tu yale majuma 6 ya kungoja na yale maji mapya ya kila Jumamosi. Neno moja la mwisho: samaki wa ziwani usimwage kamwe katika Luama au mto mwingine, hata ukichoka naye. Kila maji yana wenyewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Maji tunayokunywa yanatoka wapi, na nani anayatumia kabla hayajatufikia?
2. Nani anayatumia baada yetu? Sisi tunamwachia nini?
3. Kama pampu ya nyumba yetu ingesimama usiku, nani angeamka kushika kikombe?